Chokaa ya Tao la Parokia

Siku yangu ya kwanza kazini, mwaka uliofuata uhuru, kapita Mulongo, msimamizi wetu, alinipa ndoo iliyopasuka, akaniambia nishuke shimoni kwa Feza, mwanamke aliyeongoza wenzake wa chokaa. Feza hakuniamkia. "Funga kitambaa puani," alisema. "Kukohoa utakohoa tu, lakini si leo."

Ninyi mnaonunua simenti kwa mifuko hamjui. Sisi mawe tuliyachoma katika tanuru mpaka yakawa meupe, mepesi. Kisha tuliyazima, ndiyo kusema unatia jiwe moja moja ndani ya maji, nayo yanachemka bila moto. Usimwage maji juu ya mawe, yatakurukia. Uji ule unalala shimoni wiki nyingi ndipo unafaa kushika matofali.

Mkubwa wetu, Padri Wilfred, alitoka Uingereza. Alikuwa na picha ya kanisa la kijiji chao, la miaka mia saba, akataka parokia yetu hapa Kalemie, kando ya ziwa, ipate mlango kama ule: tao lililochongoka juu kama viganja vya mtu anayesali. Matofali hupangwa juu ya umbo la mbao. Chokaa ikikauka unatoa mbao, matofali yanabanana yenyewe, uzito unashukia nguzo nene za pembeni. Tao zuri, sikatai.

Likafika nusu, chokaa iliyolala ikaisha, na askofu anakuja Pentekoste.

"Feza, mwaga maji," kapita akasema.

"Kapita, haifanywi hivyo."

"Askofu atakungojea wewe?"

Feza akamwaga. Yakamrukia machoni. Mimi na Mama Kabibi, mwenzetu wa shimo, tulimwosha kwa maji ya ziwa mpaka jua likazama. Hakuona tena. Askofu alipita chini ya tao, mbao bado zimelishikilia, tumezifunika kwa matawi ya michikichi.

Nikaenda kwa mkubwa. "Padri, andika jina la Feza pale mlangoni."

Akatoa picha yake. "Mama, kanisa hili hakuna muntu anajua nani alilijenga. Majina walimwachia Mungu. Hiyo njo uzuri wake."

"Na jina lako kwenye jiwe la msingi?"

"Ile ni desturi, Mama."

Nikarudi shimoni. Nilikuwa na watoto wa kulisha.

Nilizima chokaa mpaka simenti ilipotufukuza, bila hata mtu kusema asante. Feza alikuwa amekwisha kufa. Juzi juzi akaja Abbé, padri kijana anayeandika historia ya parokia. Nikamtajia wanawake wote wa shimo, kila mmoja na jina la baba yake. La Feza nilimwambia anisomee alivyoliandika.

Kitabu kimetoka. Binti yangu Godelive alinisomea. Padri ana ukurasa mzima, kapita ana picha. Sisi tuna mstari mmoja: "Akina mama wa parokia walisaidia."

"Soma tena," nikamwambia.

Akasoma tena. Ni kweli, tulisaidia. Feza alisaidia kwa macho yote mawili.