Amplifaya ya Baba

Projekta ya darasani ikianza kuunguza vumbi, mimi, mhadhiri mzima, husahau nilichokuwa nikisema. Ndiyo harufu ya amplifaya ya gitaa ya baba, ile ya zamani yenye taa za kioo ndani. Kijijini kwetu Bariadi ililainisha gitaa harusini, ikanguruma kwenye mikutano ya pamba, na siku ya kumzika mama ikawekwa kando ya kaburi ili baba amuage kwa maikrofoni.

“Shemeji, ngoja taa zipate moto ndipo itoe sauti bwana, hii siyo tochi,” mjomba alimwambia.

“Mvua hiyo inakuja! Nitangoja nini?”

Akasema yote, midomo ikicheza, jenereta ikifunika maneno. Nilikuwa mbele kabisa, sikupata hata moja. Alipomaliza, taa zilikuwa zimeshapata moto, na kijiji kizima kikamsikia, kwa sauti safi kabisa, akilia.