Orodha Iliyopikia Sombe

Nakumbuka siku moja kwa harufu yake, mwanangu: harufu ya sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, na ya plastiki inayoungua. Nakusimulia wewe uliyetoka chuo kikuu juzi, kwa sababu nami nilikuwa hivyo hivyo, kichwa kimejaa, mikono haijui ianzie wapi.

Vita vilikuwa vimefunga shule nyingi za Bunia. Mama Vero, mjane wa Nyakasanza, alinipa baraza la nyumba yake niwafundishe vijana waliokuwa wakisubiri mtihani wa serikali, ule unaofungua mlango wa chuo kikuu. Tulianza na kumi na tisa. Msichana wa Gety aliketi benchi moja na mvulana wa Bogoro, wakigombania kitabu kimoja cha hesabu, huku ndugu zao wa makabila mawili wakiwindana huko vijijini.

Mimi nilitaka shule yenye utaratibu. Nikapiga mistari katika daftari: jina, jina la baba, kijiji, kabila. Niliona hakuna shule ya kweli isiyo na dosie, yaani faili, kamili ya kila mwanafunzi. Mama Vero alilisoma daftari lile akiwa amesimama.

"Prefe," akaniita. Ulikuwa utani wake, maana prefe ni mkuu wa shule, nami sikuwa hata na kengele. "Ju ya nini unaandika kila mutoto ni wa wapi?"

"Serikali itaomba, Mama."

"Serikali gani? Ile ya asubui ao ile ya jioni?"

Kweli mji ulikuwa ukibadilisha mabwana kila mara, na kila kundi jipya likiwasaka watu wa kabila jingine.

"Choma iyi karatasi," akasema. "Siku moja mutu atasimama apa na kuisoma kwa sauti."

Nilimwambia nitafikiri. Haraka haraka haina baraka, nikajituliza. Nikafikiri siku tatu. Halafu, kwa kuogopa daftari lisije likapotea, nikanakili orodha yote kwenye karatasi nyingine, nikaitia pamoja na diploma yangu katika mfuko wa plastiki, nikauziba kwa moto wa mshumaa, nikawa natembea nao kwapani. Akiba haiozi, nikasema. Methali ni kama dawa, mwanangu. Ukijichagulia ile tamu tu, haikuponyi.

Siku ya nne, katikati ya somo la fizikia, gari lilisimama langoni, wakashuka watu wenye bunduki. Mama Vero alikuwa anapika uani, hatua chache kutoka barazani. Alilichukua daftari mezani bila kuniuliza, akainua sufuria ya sombe, akalisukuma ndani ya mbabula, lile jiko la makaa. Likashika moto.

Askari mmoja akaingia. "Lisiti ya majina ya banafunzi iko wapi?"

"Prefe hajaandika," Mama Vero akajibu, akikoroga. "Eko anafikiri. Huyu hata kuoa, bado anafikiri."

Askari akacheka. Vijana hawakuinua macho. Kisha akauona mfuko kwapani mwangu.

"Na iyi?"

"Diploma yangu."

"Fungula."

Kucha zangu zilishindwa; nilikuwa nimeuziba vizuri mno. "Wacha," akasema. "Komanda ataifungula mwenyewe." Akatoka kumwita langoni.

Nilimnong'oneza Mama Vero kwamba nakala ya orodha imo ndani. Alinitazama mara moja tu. Akainua sufuria. Nami, mwanangu, nilikuwa bado nafikiri: nikipasua kona hii, nikaitoa karatasi, nikaibakiza diploma... Miaka mitano ya chuo, jasho lote la baba. Buti zikasikika zikirudi.

"Prefe," Mama Vero akasema taratibu, "mutoto wa Gety eko nyuma yako. Geuka umuambie unafikiri."

Nikautia mfuko mzima motoni.

Komanda alikuta moshi mweusi. "Diplome iko wapi?"

"Nimeichoma."

"Ju ya nini?"

Kofi likaniangusha. "Mutu alisoma mupaka akapata wazimu," akawaambia wenzake. Waliondoka na redio ya Mama Vero. Sombe ile tuliila wote, inanuka plastiki, kwa sababu alisimama mbele yetu na mwiko mpaka sahani zikaisha.

Vijana wale walifanya mtihani wao. Baraza likazaa vyumba viwili vya udongo, kisha sita vya matofali. Diploma nyingine niliipata nikiwa na mvi. Na fomu ya shule yetu mpaka leo inauliza jina, mwaka wa kuzaliwa, na mtu wa kuitwa mtoto akiugua. Mkaguzi akitaka zaidi, namkaribisha kiti na kumsimulia hadithi hii.

Basi sikia. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lakini guu ambalo lingevunjika siku ile halikuwa langu, lilikuwa la watoto wa watu. Kabla hujaandika neno juu ya mtu, jiulize ni nani atalisoma siku ambayo hupo. Na anayeujua mji akikuonya, tenda kwanza. Mawazo yanaweza kungoja; buti hazingoji.

Mungu akupe wanafunzi wengi kuliko karatasi, mwanangu, na siku mkono wako utakaposita, akuwekee karibu mtu wa kuinua sufuria.