Maji ya Mlowo Hayafiki Mia

Mwalimu wetu wa fizikia alihamishwa tukiwa kidato cha nne, wiki ileile aliyoahidi kutufundisha joto. Akaondoka nalo. Aliyeletwa kushika nafasi yake alikuwa dada wa kujitolea, mdogo kiasi kwamba siku ya kwanza mlinzi alimrudisha getini akamwambie mzazi wake amnunulie sare. Alikuwa na vidato vyote vinne peke yake. Alipoingia kwetu alitugawia rundo la pepa za miaka ya nyuma akasema, "Saidianeni. Mkikwama, njooni ofisini."

Tulikwama siku hiyohiyo.

Kikundi chetu kilikuwa cha watu wanne. Kiongozi alikuwa mtoto wa mwinjilisti, aliyepata uongozi kwa kujitangaza mwenyewe. Alifungua kila kikao kwa sala, akimwomba Mungu atufunulie jibu sahihi, na akipewa nafasi alimtajia na namba ya swali. Wa pili alikuwa kaka mkubwa kutoka Ndalambo, ambaye aliwahi kuacha shule akafanya biashara Tunduma. Kutoka kwa wateja wa Kizambia alikuwa amejifunza salamu za Kibemba na kujiamini kupita kiasi. Huyu hakuamini katika kukokotoa.

"Maswali ya kuchagua ni kama wateja," alitufundisha. "Usisikilize anachosema, angalia anavyosimama. Jibu refu kuliko mengine ndilo lenyewe. Mtunga mtihani anaogopa kukosea, ndiyo maana la kweli analieleza sana."

Wa tatu alikuwa binti wa Kindali kutoka milima ya Ileje, mfupi, mkali, asiyekubali kitu mpaka akishike. Wa nne ni mimi, mtoto wa wakulima wa kahawa. Mchango wangu mkubwa ulikuwa kamusi. Mtihani uko kwa Kiingereza, kwa hiyo tulitafsiri swali kwanza, tukabishana kwa Kiswahili, na mambo yakichacha kila mtu akarudi kwenye lugha ya mama yake, ambako hakuna aliyeweza kumpinga.

Jumamosi tulikutana Mlowo, uani kwa shangazi yake yule binti wa Ileje, kwa sababu za kitaaluma. Shangazi alikuwa anapika maharage.

Siku moja tukafika kwenye swali lililouliza kwa nini chakula huchelewa kuiva mlimani. Kiongozi alichagua baridi, bila hata kuomba.

"Ni maji," binti akasema. "Kule juu yanachemka kabla hayajapata moto wa kutosha."

"Maji yanachemka kwa nyuzi mia," kiongozi akajibu. "Popote pale. Kama amri zilivyo kumi popote pale."

"Kwetu maharage yanapikwa mpaka mgeni anaaga. Na hata hapa Mlowo ni mlimani, wewe hujui tu kwa sababu umezaliwa juu."

Yule kaka wa Ndalambo alisema jibu la maji ndilo refu, kwa hiyo yeye alishamaliza. Lakini wale wawili hawakumaliza. Jumatatu binti akaenda ofisini kuomba kipimajoto, na madamu, yule dada wa kujitolea, akampa kimoja akiwa amekizungushia leso kama kichanga.

Jumamosi iliyofuata tukakizamisha kwenye sufuria ya shangazi, kabla hajatia maharage.

"Mmeanza kupima homa ya maji?" akauliza.

Maji yakatokota mpaka yakawa yanaruka. Ule mstari mwekundu ukapanda, ukafika tisini na tano, ukakaa. Tukaongeza kuni. Ukakaa. Kiongozi akasema kipimajoto kimeharibika. Basi tukakiacha kipoe, kaka wa Ndalambo akajitolea kwapa lake kwa ajili ya sayansi. Kikasoma thelathini na saba.

"Mimi mzima," akatangaza. "Na kipimo kizima."

Kiongozi akakiangalia muda mrefu. Mwisho akakubali, tena kwa heshima. Alifunga kikao kwa kumshukuru Mungu kwa nyuzi tisini na tano. Sote tukaitika amina, shangazi naye akaitika kutoka jikoni.

Haukupita muda tukafanya moku, ule mtihani wa majaribio unaofanywa na shule nyingi pamoja. Swali la tano: maji safi huchemka kwa nyuzi ngapi? Sabini, themanini, tisini, tisini na tano, mia. Hawakusema wapi. Nilitabasamu peke yangu kama mtu aliyeonyeshwa majibu. Nikaweka duara kwenye tisini na tano.

Pepa ziliporudi, mimi na binti wa Ileje tulikuwa na mkasi mwekundu, ile alama ya kukosa, kwenye swali la tano. Kaka wa Ndalambo alikuwa amepata.

"Lakini wewe ulipimwa nacho kwapani!" nikamwambia.

"Mia ina tarakimu tatu," akasema. "Ndiyo ndefu."

Huyo hatukuwa na neno naye. Alifuata imani yake. Tatizo lilikuwa kiongozi. Naye alikuwa ameandika mia.

Binti alimwendea pale pale mlangoni. "Uliona kwa macho yako."

"Niliona."

"Ukamshukuru na Mungu."

"Nilimshukuru." Alikuwa anaangalia viatu vyake. "Nilijua anayesahihisha anataka nini. Baba ameshaniambia nikianguka hakuna kurudia. Ningekuwa peke yangu mle ndani ningeandika tisini na tano. Nilikuwa na baba kichwani."

"Basi mwambie baba yako aje apike," akasema, akaondoka. Nilitaka kucheka, nikaona uso wa yule kijana, nikaacha.

Tulienda ofisini wawili. Madamu alitwambia mwongozo wa usahihishaji unasema mia.

"Madamu, wewe uliyaona wapi yakifika mia?" binti akauliza.

"Kitabuni."

"Na aliyeandika kitabu alikuwa anapikia wapi?"

Nilidhani tutachapwa. Madamu alisimama, akachukua funguo za maabara. Tukawasha jiko, tukachemsha, tukasubiri. Aliinama akasoma, akafuta miwani, akasoma tena. Tisini na tano.

"Mimi nimesomea Dar," akasema polepole, kama anayejitetea. "Kule yalikuwa mia."

Maksi hakuturudishia. Alisema moku si yake, mwongozo si wake, na sisi wenyewe tungekuwa na busara zaidi kuliko swali. Ila kesho yake alifundisha joto kwa vipindi viwili mfululizo, presha ya hewa, mwinuko, na kila kitu alichoondoka nacho yule wa kwanza. Akamalizia hivi: "Wasiposema mahali, jibuni kama mko pwani. Wakisema mahali, jibuni kama mna akili."

Binti wa Ileje hakumsamehe kiongozi. Jumamosi kadhaa tulikaa watatu, bila sala, na sijui kama ni bahati mbaya lakini maswali ya mwanga yalitushinda kabisa. Kisha siku moja tukaona mtu anaingia uani na mzigo wa kuni begani, jasho linamtiririka. Alikuwa kiongozi, ametoka nao kwao Nanyala kwa miguu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Shoka liko pale."

Akapasua kuni zote. Alipomaliza akakaa ukingoni mwa mkeka, upande wenye tope. Binti alikuwa ameinamia pepa. Akaisukuma kwake bila kumtazama.

"Swali la nane," akasema. "Soma. Sauti itoke."

Akasoma. Alikosea kutamka, kaka wa Ndalambo akamcheka, na mambo yakaendelea.

Mtihani wa mwisho haukuuliza maji yanachemka kwa nyuzi ngapi. Uliuliza mambo mengine mengi, mengine sijayaelewa hadi leo. Matokeo tuliyasomea uani kwenye simu ya shangazi, tukiwa tumebanana mpaka kioo kikaingia ukungu. Binti alipata A. Kiongozi B, akaenda kukaa nyuma ya nyumba peke yake kidogo kabla hajampigia baba yake. Mimi C, na kamusi yangu. Kaka wa Ndalambo alipata D, akashangilia kuliko sote kwa Kiswahili, Kinamwanga cha kwao na Kibemba, hadi majirani wakaja kuuliza nani ameoa.