Kaa la Moto kutoka kwa Mama Kona

Enzi zetu pale Kihesa, Iringa, waliosema sitaweza walikuwa wengi kuliko waliosema nitaweza, na walisema nikiwa nimesimama hapo hapo. Hawakuzungumzia masomo wala kazi, maana hayo hakuna aliyefikiria kunitajia. Walisema sitaweza kufunga mdomo tangu nyumba ya kona hadi kwetu. Leo nina diploma ya misitu, nina shamba la miwati, nina nyumba yenye dohani na paa la vigae, na yote hayo nimeyapata kwa jasho langu bila kubebwa na mjomba yeyote. Lakini mtu akiniuliza kazi ngumu kuliko zote niliyowahi kuifanya, namwambia ni ile ya kufunga mdomo.

Wa rika langu mnaikumbuka baridi ile. Mwezi wa sita ukiingia, ukungu ulishuka ukakaa juu ya migomba mpaka saa nne, na siku nyingine tuliamka tukakuta sakitu, nyasi nyeupe kama mtu amepita usiku akimwaga chumvi. Tulikuwa tunalala mzungu wa nne kitanda kimoja, blanketi moja, na aliyelala pembeni aliamka amejikunja kama jongoo. Miguu ilipasuka magaga. Mama alitushika mmoja mmoja akatupaka mafuta ya mgando yaliyoganda kwelikweli, mpaka ayasugue kwanza kwenye viganja vyake. Shuleni tulikwenda kila mtu na kuni yake kwapani kwa ajili ya uji, na darasani tulificha vidole makwapani kabla ya kushika penseli. Mwalimu naye alikuwa anafanya hivyo hivyo, ila yeye alijifanya anatafakari.

Jioni ndiyo ilikuwa raha. Jikoni, nyumba ndogo ya udongo nyuma ya nyumba kubwa, tulizunguka mafiga matatu, mabega yamegusana. Viazi mviringo vilifukiwa kwenye jivu la moto, ukavitoa kwa kijiti, ukavirusha kutoka mkono huu kwenda mkono ule, ukala na chumvi mpaka midomo ikawa myeusi. Moshi ukikugeukia, wenzako wanapiga kelele, "Huyu ndiye aliyelamba sukari!" Ukihama, moshi unahama nawe, na kesi yako imekwisha. Watoto wangu leo wana sweta zenye kofia, wana soksi za sufu, wanawasha jiko kwa kubonyeza, na bado wanalalamika baridi. Mgeni akiingia nyumbani, wa mwisho anamwuliza nenosiri la intaneti ya simu yake kabla ya kumpa shikamoo.

Sasa kuna jambo ambalo hata hao wangu walidhani nimelitunga. Sisi tulikuwa tunakopa moto. Kiberiti kilikuwepo, lakini kwa ukungu ule njiti zilivuta unyevu, unakwangua mpaka baruti inabanduka na cheche huoni. Kuni mbichi ndizo usiseme. Kwa hiyo nyumba ambayo moto wake umekufa ilituma mtu kwa jirani. Ulikwenda na kigae, kipande cha chungu kilichovunjika, umetandika jivu kidogo. Mwenye nyumba alikuchagulia kaa moja zuri, akaliweka juu ya jivu, ukaondoka. Na kuanzia hapo ulikuwa huruhusiwi kusema neno. Husalimii mtu, huitikii salamu, hata akiwa mchungaji. Watu wazima waliokuona na kigae walikupisha, hawakukuhesabia utovu wa adabu. Anayeongea husimama, na anayesimama hufika na jivu. Ukifikisha moto unakoupeleka, kwanza unaukabidhi, ndipo unasalimia.

Na mimi nilikuwa domo. Siwafichi. Nilikuwa naongea nikila, naongea nikioga, nilikuwa nasimulia ndoto zangu ambazo sijazimaliza kuota. Kazi ya kukopa moto wakapewa dada zangu wakubwa, na mimi nikapewa kazi ya kufukuza kuku.

Mwaka ule dada zangu wote wawili walikuwa shule ya bweni. Baba alikuwa Ubaruku kwenye vibarua vya kuvuna mpunga, tukimsubiri arudi na gunia letu. Katikati ya baridi hiyo, kabla ya wakati wake, akazaliwa mdogo wangu Yusta. Alikuwa mdogo mno, miguu yake ingeenea kwenye kiganja cha mama. Hospitali walipomruhusu, nesi alimwambia mama neno moja, na mama akalirudia njia nzima: "Asipate baridi. Mtoto huyu asipate baridi." Mama akamfunga kifuani, ngozi kwa ngozi, akajifunika kanga mbili na koti la baba, akahamia jikoni. Asubuhi ya kwanza akaamka, moto umekufa. Kuni zilikuwa mbichi, na kiberiti kilikuwa kile cha kukwangua bure.

Mama hakuweza kutoka na mtoto kwenye ukungu. Akanitazama. Nakumbuka alinitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayehesabu nauli asiyonayo.

"Nenda kwa Mama Kona," akasema. "Yeye ndiye anayeamka mapema."

Mama Kona tulimwita hivyo kwa sababu nyumba yake ilikuwa pale njia inapokata. Alikuwa Mkatoliki wa misa ya asubuhi, kwa hiyo moto wake uliwaka kabla ya jogoo wa mtu yeyote. Nilimkuta na jirani yetu Fundi Luka, seremala, ambaye naye alikuja kukopa moto wa kuyeyushia gundi yake, pamoja na mwanawe Onesmo aliyenizidi kidogo umri.

"Kamwene, Mama Kona. Mama anaomba moto."

"Kamwene. Amekutuma wewe?" Akashika kiuno. "Dada zako wako wapi?"

"Wako shule."

"Fundi, umesikia? Wametuma redio ilete moto."

Fundi Luka akacheka mpaka akakohoa. "Huyo hapiti hata kwenye karakana yangu. Atasimama kunieleza mbao zangu zimepinda."

"Hawezi!" Onesmo akadakia. "Domo hilo haliwezi."

Mama Kona hakucheka sana. Aliuliza, "Mtoto anaendeleaje?" Nikamwambia yuko kifuani kwa mama na nyumba ni ya baridi. Hapo akainama, akafukua moto wake, akaacha makaa mawili makubwa, akachagua moja la mti mgumu, jekundu mpaka ndani. Akaliweka kwenye kigae changu akalifunika jivu jepesi.

"Nikukopeshe, si nikupe," akasema. "Utanirudishia ukiwa mkubwa. Sasa funga hilo shimo uende."

Nikafunga. Nikatoka nimeupa upepo mgongo, sweta nimelivuta mbele likinge kigae. Onesmo akanifuata.

"Wee domo! Sema basi! Amemeza ulimi jamani, njooni muone!"

Watoto wakatoka majumbani. Mmoja akanisalimia kwa heshima kama mzee, ili niitikie. Mwingine akaniuliza jina langu. Nikatembea. Hapo Onesmo akatoa ile aliyokuwa ameificha.

"Baba yako amerudi kutoka Ubaruku! Yuko pale karakana kwetu, amebeba mchele!"

Ndugu zangu, mimi baba nilikuwa sijamwona tangu mvua ziishe. Macho yalitaka kugeuka, na mdomo ulikuwa umeshafunguka nusu. Nilitazama kigae, nikaona kaa limeanza kuvaa kijivu pembeni. Nikaufunga mdomo, nikatembea, machozi yakidondokea sweta badala ya moto.

Mama alikuwa mlangoni. Alikuwa ameandaa magunzi na nyasi kavu alizozitoa ndani ya godoro. Akapokea kigae, akapiga magoti na Yusta kifuani, akapuliza. Kaa likafumba, likafumbua. Akapuliza tena. Nyasi ikatoa moshi, gunzi likashika, moto ukasimama. Alipogeuka, uso wake wote ulikuwa umelowa, nikajua si moshi.

"Hukusimama," akaniambia. "Kaa limeniambia."

Nikamwuliza, "Mama, baba amerudi?"

"Nani kakudanganya?"

Onesmo alikuwa ameniongopea, na uongo wake nilikuwa nimeushinda. Nilikaa kwenye mafiga nikaongea mpaka mchana.

Baridi yote ile nikawa mbeba moto rasmi. Mama Kona alinikopesha, Fundi Luka akanikopesha na kuongezea maranda makavu ya kuwashia, na asubuhi ambazo wao walichelewa nilikwenda kwa katekista. Yusta akanenepa. Akaanza kulia kwa sauti, na mama akasema ameshapata wa kunizidi. Baba aliporudi na gunia la mchele, alimkuta mtoto amefunuliwa kichwa, anaota jua.

Niliondoka Kihesa nikiwa kijana. Nilianzia Iyunga, Mbeya, kubeba magogo kwenye mashine ya mbao, baridi ya kule mnaijua. Kwa mshahara huo huo nikajilipia chuo mpaka diploma. Nikaenda Dar es Salaam, nikafanya kazi kwenye yadi ya mbao, nikapanda mpaka nikawa na yadi yangu. Wapo waliosema mtu akionja Dar hageuki nyuma. Mimi nimegeuka. Nimerudi na mke, watoto na Fuso yangu mwenyewe, nimejenga Kihesa ile ile, na sebuleni nimeweka sehemu ya kuotea moto ambayo mafundi wa hapa walikuja kuipiga picha. Sijivuni bure.

Mwezi wa sita mwaka huu Yusta, ambaye sasa ni mwalimu, amekuja kwangu na mtoto wake wa kwanza. Mtoto huyo hakuzaliwa njiti kama mama yake, ni kipande cha mtu. Jioni moja tumekaa wote mbele ya moto, watoto wangu wametupa simu kando kwa mara ya kwanza tangu tuhamie, wanachimba viazi kwenye jivu. Nikawasimulia. Binti yangu akauliza, "Baba, na ule moto ulirudisha?"

Swali hilo halikunipa usingizi mzuri. Asubuhi nikapakia Fuso kuni za miwati, kavu, za kupasua kwa ngumi, nikawapakia na watoto juu yake. Kwa katekista, ambaye ameshatangulia mbele ya haki, wajukuu walipokea wakashangaa, halafu wakapanga kuni vizuri ukutani. Fundi Luka hasikii vizuri siku hizi. Alizigonga kuni moja moja, akasema, "Hazijapinda," akacheka mpaka akakohoa kama zamani.

Mama Kona tulimkuta kibarazani na blanketi mabegani. Ndani ana jiko la gesi alilonunuliwa na wanawe, lakini mafiga yake bado yako nyuma. Watoto wakaanza kushusha kuni.

"Hizi za nini?"

"Deni, bibi. Lile la moto."

Akatazama rundo, akatazama Fuso, akanitazama mimi na koti langu.

"Kuni nilikukopesha lini?" akasema. "Mimi nilikukopesha moto."

Watoto wangu walicheka mpaka wakakaa chini. Nikataka kujieleza, na nina maelezo mazuri, lakini yule bibi alishika kiuno vile vile. Nikageuza gari.

Nyumbani hatukuwa na chungu kilichovunjika. Nikachukua kigae cha paa kilichobaki wakati wa ujenzi, kimepinda vizuri kama kimetengenezwa kwa kazi hiyo. Yusta mwenyewe, mwanawe mgongoni, ndiye aliyefukua moto akachagua kaa. Alichagua jekundu mpaka ndani, bila kufundishwa na mtu.

Nikatoka kwa miguu, koti nimelivuta mbele, watoto nyuma yangu. Njia ile siku hizi ina maduka. "Bosi, shikamoo!" Nikapita. "Mkurugenzi, mbona umetununia?" Kijana wa bodaboda akanitolea simu anirekodi, akisema mzee amechanganyikiwa, anatembeza tofali. Mimi, niliyezoea kujibu kila salamu na kuongezea habari zangu, nilikuwa natazama kijivu pembeni ya kaa.

Onesmo ana duka la vifaa vya ujenzi pale ilipokuwa karakana ya baba yake. Alitoka na mteja, akaniona, akaona kigae. Akaelewa. Akaacha mteja, akaweka mikono mdomoni.

"Wee domo! Baba yako amerudi kutoka Ubaruku!"

Wazee wa pale wakaangua kicheko. Baba yangu amelala kaburini miaka mingi sasa, na nawaambieni kweli, shingo nusura igeuke. Lakini nilitembea.

Mama Kona alikuwa amekaa kwenye kigoda jikoni, ameshatandika magunzi. Akapokea kigae. Akainama taratibu, kwa mgongo wa umri wake, akapuliza. Kaa likafumba, likafumbua. Binti yangu akapiga magoti kando yake, akajaza mashavu, akapuliza naye vibaya, jivu likamrukia usoni, kisha akapuliza vizuri. Gunzi likashika. Moto ukasimama kwenye mafiga yale yale, na moshi ukamgeukia mwanangu wa mwisho, Mama Kona akamnyooshea kidole: "Huyu amelamba sukari!"

Siku hizi hakuna anayekopa moto, na sidai turudi kwenye njiti mbichi. Ila niliwaona watoto wangu wamekaa wamegusana mabega kwenye jiko la mtu wasiye na undugu naye, hakuna anayeulizia nenosiri.

Mama Kona akajifuta mikono kwenye kanga, akanigeukia.

"Umefikisha," akasema. "Haya, sasa nisalimie."

"Shikamoo, Mama Kona."

"Marahaba, mwanangu. Karibu uote."