Khisa Hataki Kuhurumiwa

Kabla mashine ya kiwandani haijamkata vidole vitatu vya mkono wa kulia, Khisa hakuwa na mpinzani katika kibanda cha gemu cha Wayua, pale Witeithie. Jumamosi akitoka shifti Thika, alikwenda moja kwa moja kwenye benchi, akashika padi ya kuchezea, na mwenye ubishi akaketi kando yake. Wale waliocheza mpira wa skrini dhidi ya kompyuta aliwacheka. "Huko ni kujisalimia mwenyewe," alisema. "Gemu ni watu."

Kidonda kilipopona, alirudi. Kidole gumba hakikuwepo, wala viwili vinavyokifuata. Aliiweka padi pajani, akabonyeza kwa vidole viwili vilivyobaki. Mwau, rafiki yake wa kiwandani, akajitolea kuwa wa kwanza. Khisa akashinda. Benchi likalipuka kwa shangwe. Jumamosi iliyofuata akashinda tena. Akamwambia mkewe Akoth kwamba mkono unaanza kuzoea, na usiku huo Akoth alimsikia akikoroma kama zamani.

Kisha siku moja Mwau alibaki na goli tupu, kipa kashaanguka, naye akaurudisha mpira nyuma.

Khisa alisimamisha mchezo. Hakumtazama Mwau; alitazama benchi. Watu ambao wangemchoma mtu kwa kejeli wiki nzima kwa kosa kama hilo walikuwa wameinamia simu zao.

"Mwau, hiyo si ungefunga?"

"Imeniteleza, buda."

"Mbona hakuna anayekucheka? Mmeongea?"

Wayua alijifanya anapanga nyaya. Mwau akajikuna kichwa. "Tulitaka tu uendelee kuja, ndugu yangu."

Khisa aliiweka padi chini taratibu, kama kitu cha mtu mwingine, akatoka. Kibandani hakurudi tena.

Alitafuta mashine kuukuu ya gemu, akaiunganisha na televisheni ya nyumbani. Sasa anacheza peke yake na kompyuta, nayo inampiga bila haya, tano bila, saba bila.

"Si urudi kwa wenzako?" Akoth alimwambia. "Hii inakumaliza."

"Hii angalau hainihurumii."

Alijivunia jambo hilo kwa muda. Lakini kufungwa kila siku kunachosha hata mwanamume jasiri. Akashusha kiwango cha ugumu kidogo, halafu tena, hadi akafika kile cha watoto wanaojifunza. Hata hapo anafungwa.

Jumapili moja, Akoth akiwa kanisani, Mwau alibisha mlango. "Khisa, ni mimi. Nimekuja na padi yangu. Leo nitakufunga kweli, haki ya Mungu."

Khisa alinyanyuka. Alitamani sana kufungua. Lakini alijua angekagua kila goli, kila pasi iliyopotea, akitafuta huruma ndani yake. Hata akifungwa, angejiuliza kama Mwau amekaza ili kumridhisha tu. Mchezo wa watu wawili ulikuwa umekwisha, na hakuna aliyeumaliza kwa ubaya.

Akapunguza sauti ya televisheni, akaketi.

"Najua uko ndani," Mwau alisema. Akangoja. Baadaye nyayo zake zikasikika kwenye kokoto, zikienda.

Hakuja tena. Akoth naye siku hizi hamwulizi kitu. Humwekea chakula kando ya mashine, kisha huenda kukaa nje na majirani.