Ngamia Wanaosikia Lori

Nilipotua Isiolo sikuwa na kazi, nikaanza kuokota chupa za plastiki kwenye jaa la taka nje ya mji. Mnunuzi alipokuja na mizani yake alichukua chupa na mitungi, akaacha mifuko na kamba za magunia.

"Hizi nyembamba hazina soko," alisema.

Nikamuuliza, basi zinaenda wapi? Akacheka tu.

Jibu nililipata kwa jirani yangu, mama wa Kiborana aliyeuza maziwa ya ngamia. Ngamia wake wawili walikuwa wamekufa wakiwa wamevimba, na walipopasuliwa, tumboni mlikuwa na donge la kamba na mifuko, gumu kama jiwe. Alibaki na mmoja wa kukama.

Asubuhi moja nilimkuta amemaliza kukama, kamba ya ngamia mkononi.

"Salaam aleikum, mama. Si ulisema huyu utampeleka Kulamawe?"

"Aleikum salaam. Nilimpeleka, kijana wangu, akarudi peke yake. Huko nyasi ni nyingi, lakini hakuna lori la kumletea maganda ya hoteli."

Nilidhani ananitania. Kisha ngamia akainua shingo, akageukia barabara. Mimi sikuwa nimesikia kitu. Akaanza kutembea, na mama akavutwa nyuma yake, visigino vikichimba mchanga. Niliishika kamba pamoja naye. Ndipo nikasikia, mbali sana, lori la taka likibadilisha gia, na nyuma ya nyumba ngamia wa majirani wakaanza kukimbia.