Mwaka Nilioipika Mbegu

Siku moja naikumbuka kuliko siku zangu zote, mwanangu, na laiti ningekuwa na namna ya kuisahau. Ni asubuhi niliyopanda uchagani, juu ya jiko, nikateremsha magunia mawili ya mpunga wa mbegu nikayaita chakula cha wageni. Mimi shangazi yako nakusimulia kwa sababu jana uliniletea kadi ya mchango wa ngoma ya mwali wako, na humo umeandika mbuzi watatu na muziki kutoka mjini. Nilivaa miwani nikaisoma mara mbili. Mwaka huu, ambao korosho zimekosa bei na mumeo ameiegesha bodaboda kwa sababu ya bei ya mafuta! Kwanza nilipandwa na hasira. Halafu nikaingiwa na huzuni, maana wewe ndiye mimi wa zamani.

Tulikuwa tunakaa hapa hapa Mtawanya, mimi na mume wangu, Baba Zaina. Mikorosho ilitupa fedha, shamba la bondeni likatupa chakula. Baba Zaina alikuwa na mazoea yake. Kila tukivuna, kabla hata ya kuonja wali mpya, alichagua mpunga uliokomaa vizuri akauweka uchagani ili moshi uzuie fukusi, na hapo hakuna mkono ulioruhusiwa kugusa. Mimi nilimwita bahili. Nilimwita hivyo mbele za watu, nikacheka, naye akacheka, kwa kuwa alikuwa mtu mpole, Mungu amrehemu.

Binti yetu Zaina alipovunja ungo tukamweka ndani kama ilivyo ada, somo wake akamfunda, ikabaki kumtoa. Jirani yangu, Mama Hadija, alikuwa amemtoa wake mwaka uliotangulia kwa mbuzi wawili, na watu wakamtunza yule mwali mpaka kanga ya kupokelea noti ikajaa. Wivu, mwanangu, hauna dawa hospitalini. Nikaapa wangu atatoka kwa mbuzi watatu.

Kisha bei ya korosho ikaanguka. Wanunuzi walikuja, wakatazama, wakataja bei ya kututukana. Tulichopata kilitosha sabuni, chumvi na madaftari ya shule. Baba Zaina akaniketisha ukumbini, akasema taratibu, "Mama Zaina, mwaka huu tumtoe mwanetu kimyakimya. Tusome dua, tupike chungu kimoja, tule na ndugu. Shangwe tutafanya mwakani, Mungu akitujalia."

"Kimyakimya, kwani mwanangu kafanya nini cha kufichwa?" nikamjibu. "Na ngoma hujirudishia, we baba. Watu watamtunza. Tutanunua mbegu, na chenji itabaki."

Akachukua jembe akaenda shambani, na kuondoka kwake nikakuhesabu ushindi wangu. Siku alipokwenda mazishini Bungu ndipo nikapanda uchagani. Aliporudi jioni alikuta wanawake wanapepeta mchele uani. Akainua macho kuutazama uchaga, akanitazama mimi, kisha akachukua shoka akaenda kutafuta kuni za wageni. Angeweza kuniaibisha siku ile mbele ya wote, na haki angekuwa nayo. Hakufanya.

Ngoma ilifana, sitasema uongo. Zaina alitolewa amebebwa mabegani, anang'aa kwa mafuta na shanga, nami nikapiga vigelegele mpaka sauti ikanikauka. Nilitandika kanga mbili, si moja. Watu wakala, wakacheza, wakafika mbele ya mwali, wakaacha sarafu. Wengine walipitisha mkono mtupu huku wakijitia kucheza. Mama Hadija alitunza kipande cha sabuni, na haya zilimjaa usoni. Hapo ndipo ulipokuwa ujinga wangu: nilitegemea fedha za watu ambao korosho zao zimeanguka bei siku moja na zangu. Shida ya mwaka ule haikuchagua nyumba.

Mvua zilipokuja, wenzetu walishuka bondeni na mbegu zao, sisi tukashuka na majembe. Nilizunguka kuomba, lakini nani akupe mbegu siku ya kupanda? Basi Baba Zaina akafunga shuka lake, akaenda delta, huko mto unakoingia baharini, kukata boriti za mikoko kwa ujira. Hakuwa mtu wa mikoko, wala hakuyazoea matope yale na mbu wake. Wakati wa kuondoka akaniambia, "Watu wakikuuliza, sema nimefuata kazi." Hata hapo alikuwa ananifichia aibu yangu.

Alirudi baada ya mwezi na siku kadhaa, kaletwa na wenzake, homa imemkausha. Ndani ya shuka alikuwa na mfuko wa mbegu, haujai hata debe. Nao wakati wa kupanda ulikuwa umepita, bonde limejaa maji. Nikaupokea ule mfuko nikalia.

"Nyamaza, Mama Zaina," akasema. "Itatufaa mwakani."

Siku ya tatu tukamzika. Alikuwa hajaota hata mvi moja.

Watu waliniambia ni kazi ya Mungu, na ni kweli, ajali haina kinga. Lakini mguu uliompeleka mikokoni niliusukuma mimi. Zaina akaacha shule akaja kulima nami, na hadi leo hajanilaumu kwa neno moja. Afadhali angenilaumu.

Sasa nisikilize. Sikukatazi kumtoa mwali, ada ni yetu na ni nzuri. Ila mwali hutolewa kwa dua na chungu kimoja cha wali, na akawa mwali vilevile. Hali ikiwa ngumu kwa wote, usipange matumizi kwa fedha iliyo mfukoni mwa jirani, kwa kuwa naye amepanga kwa iliyo mfukoni mwako. Tenga kwanza cha kula na cha kupanda, ndipo uulize kilichobaki kinatosha sherehe gani. Kama hakitoshi, ahirisha. Ngoma ivumayo haidumu, na wageni wangu mimi waliondoka jioni ile ile. Na mumeo akisema hatuna, usimwite bahili mbele za watu. Kaeni chini wawili, mkitazame kilichopo, msifichane. Mimi nilipanda uchagani mume wangu akiwa hayupo, na hilo linaniuma kuliko mbegu zenyewe.

Kadi zilizobaki usizigawe. Wale uliokwisha kuwapa, waambie shangazi amekataa. Wanitukane mimi, nimezeeka, matusi hayanipunguzii kitu. Siku ya dua nitakuja mapema, nikupikie hicho chungu kimoja kwa mikono yangu.

Mwenyezi Mungu akupe ulimi wa kusema "mwaka huu hatuna" bila kutetemeka. Amkuze mwanao kwa heri. Na wewe na mumeo awazeeshe pamoja, mpaka mkose meno, mpaka mgombane kila siku kwa sababu ya chumvi kwenye mboga. Sikujaliwa kugombana hivyo na wangu. Amina, mwanangu.